Soga za kundi zipewe baraza yake

Kama unasimamia kundi la WhatsApp la kazi, usianze kwa kufuta salamu za watu. Fungua kundi la pili, liite Baraza, na huko waache wapige soga mpaka wachoke.

Nasema hivi kwa yaliyotukuta sisi wakulima wa mwani huku Paje, Zanzibar. Alhamisi usiku mwenzetu aliandika kuwa kesho ni bamvua (maji hujaa na kupwa sana), maji yatakupwa saa nne asubuhi, kila mtu aje na kamba zake na tai-tai, vile vikamba vya kufungia mwani. Kufika alfajiri ujumbe ule umeshafunikwa na picha za Ijumaa Karim, maua, na video ya harusi. Wanne hawakuuona hadi maji yameshajaa. Na bamvua huja mwezi unapoandama na unapopevuka. Ikikupita, maji mafu, yasiyokupwa sana, hayakupi nafasi ya kufika shamba.

Ujumbe wa namna hiyo ubandike juu ya kundi. Saa 24 zinatosha.

Anayejisahau mfuate faragha: “Shikamoo bibi, ile video nzuri, tuipeleke Baraza na wengine waione.” Ukimsahihisha mtu mzima mbele ya kundi zima umemvunjia heshima, na atanyamaza hata siku ana habari ya maana.

Tanzia na habari za mgonjwa ziacheni palepale kwenye kundi la kazi. Mimi hizo sizihesabu soga kabisa; tunaofunga mwani pamoja ndio tunaokwenda maziko pamoja.