Umeambiwa dola 60,000: ngapi zitafika mkononi mwako?

Simu ya wakili inaingia ukiwa kazini. Bima ya dereva aliyekugonga imekubali kulipa dola 60,000. Kabla jioni haijafika, habari imeshasambaa kwenye grupu la WhatsApp la familia, na kaka aliyeko Kitengela ameanza kuulizia bei ya ploti. Nakuomba sana, ndugu yangu: usimtajie mtu kiasi chochote bado. Hizo 60,000 ni jumla ya malipo ya kesi, na wapo wenye haki ya kuchukua chao kabla yako.

Hapa nazungumzia Marekani, na hasa ajali za barabarani, maana ndiko ndugu zetu wengi wanaoendesha teksi, malori na magari ya kusambaza vifurushi wanakoumia. Kila jimbo lina sheria zake, lakini mtiririko wa fedha unafanana.

Wa kwanza kulipwa ni wakili. Kesi hizi kwa kawaida huchukuliwa kwa makubaliano kwamba wakili halipwi ada mpaka fedha zipatikane. Kiwango kilichozoeleka ni theluthi moja kama bima imelipa kabla kesi haijafunguliwa mahakamani, na mara nyingi hupanda hadi asilimia 40 ikishafunguliwa. Makubaliano hayo yanatakiwa kuwa ya maandishi, yenye sahihi yako. Yasome upya leo, utafute sentensi moja ambayo wengi huiruka: gharama za kesi zinakatwa kabla ya kupiga hesabu ya ada, au baada?

Tuseme gharama ni dola 3,000. Wakili akichukua theluthi ya 60,000 nzima, anapata 20,000. Gharama zikitolewa kwanza, theluthi inapigwa kwenye 57,000, naye anapata 19,000. Dola 1,000 zimebaki kwako kwa sababu ya sentensi moja. Gharama zenyewe ni nakala za rekodi za hospitali, ada ya kufungua kesi (mahakama ya shirikisho inatoza dola 405), malipo ya daktari anayetoa maoni ya kitaalamu, na ya mtu anayenukuu mahojiano ya kiapo. Omba risiti bila kuona haya. Uliza pia, kabla ya kusaini mkataba, nani atabeba gharama hizo kesi ikishindwa.

Baada ya ada na gharama, kuna makato ya tatu, na hayo ndiyo hutushtua wengi wetu. Ulipolazwa, ulidhani bima yako ya afya imelipa na mambo yamekwisha. Kumbe aliyekutibia au aliyelipia matibabu yako mara nyingi ana haki ya kurudishiwa kutoka kwenye fidia. Huko Texas, kwa mfano, hospitali iliyokupokea ndani ya saa 72 baada ya ajali inaweza kusajili dai lake juu ya fidia yako. Medicare, yaani bima ya afya ya serikali kwa wazee na baadhi ya walemavu, lazima irudishiwe, ingawa hupunguza sehemu yake kwa kuzingatia ada na gharama ulizotumia kuzipata fedha hizo. Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, nayo hudai, lakini Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 2006 kwamba haiwezi kugusa sehemu ya fidia isiyo ya matibabu, kama ile ya maumivu. Mwaka 2022 ikaongeza kwamba sehemu ya matibabu yajayo inaguswa. Na kama mwajiri wako ndiye anayegharamia matibabu ya wafanyakazi kwa mfuko wake mwenyewe, sheria ya shirikisho inaupa mpango huo nguvu kubwa ya kudai.

Sasa piga hesabu. Toa ada 20,000, gharama 3,000, na madai ya matibabu tuseme 18,000. Umebakiwa na 19,000.

Lakini madai ya matibabu yanajadilika, na hapo ndipo wakili mzuri anapojulikana. Akiwabana wakashuka hadi 10,000, unaondoka na 27,000. Kwa hiyo swali la kumuuliza ni hili: "Nani wote wanadai kwenye fidia yangu, kila mmoja anadai kiasi gani, na umeshaomba wapunguze?" Akikujibu kwa jumlajumla, rudia swali kwa maandishi.

Kodi isikutie hofu. Fidia ya kuumia mwilini haitozwi kodi ya mapato ya shirikisho, hata ile inayofidia mishahara uliyokosa kwa sababu ya jeraha hilo. Kinachotozwa ni riba, na fedha za kumwadhibu mkosaji kama zimo.

Anayepokea SSI, yaani msaada wa fedha wa serikali kwa wazee na walemavu wenye kipato kidogo, awe mwangalifu zaidi. Mpango huo hauruhusu mtu mmoja kuwa na akiba inayozidi dola 2,000, na fidia ikiingia benki inaweza kukukatia msaada, pengine na Medicaid pamoja nao. Zungumza na wakili kuhusu mfuko maalumu wa amana, ambao fedha zake hazihesabiwi kama akiba yako, kabla hundi haijatoka, maana baada ya hapo kurekebisha ni kazi ngumu. Fidia ya mtoto nayo, katika majimbo mengi, huhitaji idhini ya hakimu, na mara nyingi hufungiwa benki hadi atimize miaka 18.

Bima haitatoa hundi mpaka usaini hati ya kuachilia madai. Ukishaisaini, hata mgongo ukizidi mwaka ujao, huwezi kurudi kudai tena. Ndiyo maana mimi husema: kabla ya sahihi hiyo, mtake wakili akuandikie mchanganuo wa makadirio, mstari kwa mstari, unaoishia na kiasi chako. Kama Kiingereza cha kisheria kinakupiga chenga, omba mkalimani. Usimbebeshe mwanao wa miaka 12 mzigo huo.

Hundi ikija, huingia kwenye akaunti ya amana ya wakili, na husubiri benki iithibitishe na madai yakamilike. Yaweza kuchukua wiki kadhaa, na Medicare ikiwemo, hata miezi. Mwishoni wakili anapaswa kukupa mchanganuo kamili wa maandishi. Linganisha na ule wa makadirio, na usiposadiki tarakimu yoyote, uliza kabla ya kuondoka ofisini.

Katika kipindi hicho cha kusubiri, kampuni za kukopesha kwa dhamana ya kesi zitakutafuta. Riba zao ni kali, na mkopo hulipwa kutoka kwenye ile 19,000 yako, baada ya wengine wote kushiba. Kodi ya nyumba ikikubana, mwambie kwanza wakili. Huenda zipo fedha za bima yako mwenyewe ya gari ambazo hazijadaiwa.