Umeme ukikatika usipoteze kazi: somo kwa tunaotengeneza tovuti

Habari zenu wakuu. Mimi niko Kigoma hapa Mwanga, mwaka jana nilikuwa namtengenezea mteja saiti ya gesti yake, umeme ukakatika na betri ya laptopu yangu ilishakufa siku nyingi, kazi ya mchana mzima ikaenda. Iliniuma sana. Ndo maana naanza na kuhifadhi kabla ya mambo mengine yote.

Hatua ya 1. Kwenye VS Code (programu ya kuandikia kodi) fungua menyu ya File uweke tiki kwenye Auto Save. Faili jipya lipe jina kwanza, baada ya hapo linajihifadhi lenyewe.

Hatua ya 2, na hii ndo yenyewe: Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya kazi yako. Aliianzisha Linus Torvalds mwaka 2005, yule yule wa Linux, na raha yake kwa sisi wa bando la kuungaunga ni kwamba historia yote inakaa kwenye mashine yako, intaneti haihitajiki. Fungua terminal (dirisha la kuandikia amri) ndani ya folda ya mradi, andika git init. Halafu tengeneza faili la .gitignore, la kuiambia Git isihifadhi nini, ndani yake andika node_modules (folda ya vifurushi vya JavaScript) na .env (faili la paswedi na siri), usiruke hapa. Kuanzia hapo kila ukimaliza kitu kimoja kidogo kinachofanya kazi, andika git add . kisha git commit -m "nimerekebisha menyu ya simu", hiyo ndo kukomiti, yaani kuweka kumbukumbu ya kazi ilipofikia. Kimoja jamani, sio kumi! Watu wanalimbikiza kazi ya wiki nzima wanakomiti Ijumaa jioni wameandika "mabadiliko", sasa menyu ikiharibika utajuaje ilianzia wapi? Ukivuruga faili, git restore index.html inakurudisha ulipokomiti mwisho, ila ulichoandika baada ya hapo kinafutika kwa hiyo angalia kwanza.

Hatua ya 3. Kwenye VS Code weka Prettier, extensheni (programu ya nyongeza) ya kupanga kodi, na uwashe Format On Save. Ukibonyeza Ctrl+S mistari inajipanga.

Hatua ya 4. Emmet, njia ya mkato ya kuandika HTML, imo tayari ndani ya VS Code. Andika ul>li*5>a bonyeza Tab, orodha ya linki tano hiyo hapo.

Hatua ya 5. Kwenye Chrome bonyeza F12 kisha Ctrl+Shift+M uone saiti kwa saizi ya simu, halafu kwenye Network shusha spidi iwe 3G. Mtu wa Uvinza anafungua kwa simu na bando lake mwenyewe, picha ya MB 4 ni kumtesa tu.

MASWALI

Swali: Mkuu, Git si ndo GitHub?
Jibu: Hapana ndugu yangu. Git iko kwako, GitHub ni ghala la mtandaoni lililofunguliwa 2008. Komiti siku nzima bila bando, jioni ukipata mtandao unapandisha kwa git push.

Swali: Kaka laptopu yangu ina RAM ya GB 4, VS Code inakwama.
Jibu: Zima extensheni usizotumia, mara nyingi ndo zinazokula RAM. Ikigoma jaribu Notepad++, ni nyepesi.

Swali: Mie nilishapandisha paswedi ya databesi GitHub, nimefuta faili, inatosha?
Jibu: Haitoshi dada, bado imo kwenye historia na mtu anaweza kurudi nyuma akaisoma. Badilisha paswedi yenyewe sasa hivi kabla hujafanya kingine, ukimaliza ndo uje tusafishe hiyo historia.