Kabla Hujavuta Gari la Mashindano Kuvuka Mpaka: Karatasi za Kuweka Sawa

Anza na karatasi miezi miwili kabla ya mbio. Usingoje wiki ya safari. Matairi utayapata, fundi utampata, lakini karatasi yenye kasoro hairekebishiki usiku wa manane getini huku foleni ya malori ikikupigia honi.

Elewa kwanza afisa wa forodha anaona nini. Wewe unaona gari lako. Yeye anaona mzigo wenye thamani unaoingia nchini mwake, na mzigo ukiingia hulipiwa ushuru. Hata kama gari halina kiti cha nyuma wala taa, na halitagusa barabara ya umma hata mita moja, bado ni mzigo. Kila karatasi utakayobeba ina kazi moja tu: kumthibitishia kwamba mzigo huu umeingia kwa muda na utatoka kama ulivyoingia.

Mambo mepesi tuyamalize haraka. Pasipoti za timu nzima: angalia tarehe za mwisho leo, usimwachie kila mtu aangalie yake. Viza, kama zinahitajika. Barua ya mwaliko au uthibitisho wa kushiriki kutoka kwa waandaaji wa mbio, yenye tarehe na jina la uwanja. Afisa akiuliza unakwenda wapi na gari lisilo na namba, hilo ndilo jibu lake.

Leseni ya udereva ni nyepesi pia, ila inawanasa wengi. Uzito wa tela na mzigo wake unaweza kukutoa kwenye daraja la leseni uliyonayo. Katika Umoja wa Ulaya, kwa mfano, leseni ya daraja B inaruhusu tela la kilo 750. Likizidi hapo, uzito unaoruhusiwa wa gari na tela kwa pamoja usipite kilo 3,500. Gari la mashindano la kilo elfu moja na kidogo, juu ya tela la ekseli mbili, likivutwa na pikapu, limeshapita hapo. Soma sheria ya kila nchi utakayopita, hata ile utakayoikatiza kwa saa mbili.

Umiliki: beba kadi halisi ya gari, kopi iwe ya akiba. Kama jina lililo kwenye kadi si lako, iwe ni la mke, la klabu, la kampuni au la benki inayokudai, beba barua ya idhini iliyogongwa muhuri wa wakili, inayotaja gari kwa namba ya chesisi, ile iliyogongwa kwenye chuma cha gari lenyewe, na wewe kwa namba ya pasipoti. Ukimtuma fundi avute gari wewe uje kwa ndege, barua hiyo iwe kwa jina lake. Na tela msilisahau, maana watu hulisahau kabisa. Lina namba yake ya chesisi, na mara nyingi lina usajili wake na bima yake.

Kuhusu bima, uliza maswali matatu tofauti, na upewe majibu matatu kwa maandishi. Gari la kuvuta limekatiwa bima ya kule? Tela likichomoka na kugonga mtu, nani analipa? Na gari lililo juu ya tela, likianguka au kuibwa njiani, lina bima yoyote? Bima ya uwanjani kwa kawaida huishia uwanjani. Kadi za bima za kuvuka mipaka, kama Kadi ya Kijani ya Ulaya au Kadi ya Njano ya COMESA (soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika), hushughulikia madhara unayomsababishia mtu mwingine. Gari lako mwenyewe hazilihusu.

Sasa karneti. Hiki ni kijitabu kinachokuwezesha kuingiza kitu kwa muda bila kulipa ushuru, kwa sababu taasisi iliyokitoa imekudhamini. Ziko za aina mbili, na watu huzichanganya. Karneti ya ATA, iliyoanzishwa kwa mkataba wa mwaka 1961, ni ya bidhaa: gari la mbio lisilosajiliwa, injini ya akiba, magurudumu, vifaa vya karakana. Kwa kawaida hutolewa na chemba za biashara. Ile ya CPD ni ya vyombo vya usafiri, hutolewa na vyama vya magari, na bado inadaiwa katika baadhi ya nchi za Afrika, Asia na Mashariki ya Kati. Zote mbili zina ukomo wa mwaka mmoja, na zote utaziwekea dhamana ya fedha au ya benki. Si nchi zote zinazopokea ATA. Nchi isiyoipokea itakutaka kibali chake cha kuingiza kwa muda, pengine na amana mkononi. Marekani, hata ukiwa na karneti, ina fomu zake mbili kwa gari la kigeni: HS-7 ya usalama na 3520-1 ya moshi. Uliza mapema, kwa maandishi, na utunze jibu.

Hapa naomba usome taratibu, kwa sababu hapa ndipo nilipoungua.

Nilikuwa nimemaliza kulijenga upya gari langu. Fundi alichomelea keji ya chuma, ile ya kumlinda dereva gari likipinduka, akaziba viungo vya sakafu, kisha tukapuliza rangi ya kijivu ndani yote. Lilipendeza mno. Nilipojaza orodha ya karneti, namba ya chesisi niliitoa kwenye kopi ya kadi, tena kopi iliyotolewa kwenye kopi. Nikaandika, nikalipia, nikaondoka.

Mpakani nilimkuta afisa mpole, mwenye sauti ya chini, aliyekuwa na utaratibu wake: anasoma namba kwenye chuma kwanza, karatasi baadaye. Akaniuliza namba iko wapi. Nikamwonyesha sakafuni, chini ya kiti cha abiria. Akainama na tochi. Hapakuwa na namba. Palikuwa na rangi ya kijivu, laini kama bakuli.

Tukafungua boliti nne za kiti pale pale juu ya tela. Nikamwaga thina kwenye kitambaa nikaanza kusugua. Herufi zikawa zinajitokeza moja moja kutoka chini ya rangi, na yeye anazitaja kwa sauti huku kidole chake kikifuata karatasi yangu. Ya kwanza sawa. Ya pili sawa. Tulipofika ya sita akasema, "Nane." Kidole kikasimama. Kwenye karneti yangu palikuwa na B.

Ile kopi ya kopi ilikuwa imeifanya 8 ionekane B, na mimi nimeiandika hivyo kwa mkono wangu. Nikachomoa kalamu ili nirekebishe. Akanizuia, na akanifaa sana kunizuia: mwenye karneti haruhusiwi kubadilisha chochote baada ya kutolewa, anayeweza kusahihisha ni taasisi iliyoitoa, na sahihisho la kalamu yako linaweza kuonekana kama kughushi. Ilikuwa Ijumaa jioni. Taasisi ile ingefunguliwa Jumatatu. Gari likaingizwa uani, likafungwa. Jumamosi wenzangu wakakimbia mbio niliyojiandaa nayo miezi minane, mimi nikiwa nimekaa kwenye pikapu nje ya ukuta wa ua, natazama ncha ya bawa la gari langu likichungulia juu ya ukuta. Sikuonewa. Namba ile haikuwa ya gari lile, na afisa hana njia nyingine ya kulijua gari ila namba yake.

Kwa hiyo fanya hivi. Usafishe mahali penye namba ya chesisi, upake vanishi isiyo na rangi, na mkataze fundi kupagusa. Namba uisome kwenye chuma. Kadi ni ya kulinganishia tu, na zikipishana, kairekebishe kadi kwanza kabla ya kuomba karneti. Mwambie mtu wa pili aisome kwa sauti, wewe ufuate kwenye karatasi. Magari ya tangu mwanzo wa miaka ya 1980 kwa kawaida yana tarakimu na herufi 17, na kati yake hamna kabisa I, O wala Q. Ukiona O kwenye karatasi yako, hiyo ni sifuri iliyokosewa. Magari ya zamani zaidi yana namba fupi zisizofuata kanuni hii, kwa hiyo yapige picha kwa karibu. Namba ya injini nayo usiisahau. Ulibadilisha injini msimu uliopita? Kadi inajua?

Baada ya namba ni mihuri. Muhuri wa kwanza unagongwa nyumbani, kabla hujatoka. Bila huo, wakati wa kurudi unaweza kudaiwa ushuru wa gari lako mwenyewe. Kisha kuingia kule, kutoka kule, na kuingia tena nyumbani. Ukigongewa, usikunje kijitabu upesi. Soma tarehe aliyoandika afisa ya mwisho wa kutoka, kwa sababu inaweza kuwa fupi kuliko mwaka wa karneti. Rafiki yangu mmoja alipungiwa mkono apite usiku wakati wa kutoka, akafurahi, akapita. Miezi kadhaa baadaye ikamjia barua ya madai ya ushuru: kwa karatasi, gari lake halikuwahi kutoka. Hata wakikufungulia geti, paki pembeni, ingia ndani, gonga muhuri. Na vituo vidogo vingine havigongi karneti usiku wala siku za mapumziko.

Orodha uiandike kwa kuhesabu, si kwa kukumbuka. Ukiandika matairi kumi na mawili, rudi na kumi na mawili, hata kama manane yameisha mpaka nyuzi zinaonekana. Usiyaache uwanjani. Injini ikipasuka, rudi nayo ikiwa vipande. Gari likiharibika kabisa ukataka kuliacha, usiliache kimya kimya. Forodha ya nchi hiyo ishuhudie na iandike. Mafuta, oili na vingine vinavyotumika vikaisha haviingii kwenye karneti, kwa hiyo beba kidogo, au nunua huko huko.

Lioshe gari na tela, chini ya matao ya magurudumu hasa. Australia na New Zealand hawapendi kabisa udongo wa ugenini. Piga picha kila ukurasa baada ya kila muhuri, umtumie mtu aliyebaki nyumbani. Namba ya simu ya taasisi iliyotoa karneti iandike kwenye karatasi, usitegemee simu yenye chaji. Na kijitabu chenyewe kikae mbele, kwenye gari la kuvuta, karibu na dereva. Kisifungiwe ndani ya gari la mbio lililofunikwa turubai na kukazwa mikanda minne.