Jinsi ya kupanga stori ndefu ya michezo na kuimaliza

Wengi wanaoanza kuandika stori ndefu za michezo wanakwama sehemu moja, wanaandika ripoti ya mechi halafu wanairefusha. Maneno elfu tano ya nani alifunga dakika ya ngapi, nani atamaliza hiyo, wakati matokeo msomaji anayajua, alishayaona kwenye simu usiku uleule. Kwa hiyo kabla hujapanga chochote jiulize hivi: matokeo nikiyaweka pembeni, kinabaki nini? Kama hakuna kinachobaki basi hiyo ni habari fupi, iandike fupi, haina ubaya wowote.

Chukua fainali ya AFCON 2012. Zambia waliwatoa Ivory Coast kwa penalti 8-7 baada ya sare ya 0-0, hayo ndiyo matokeo. Sasa yaweke pembeni. Tarehe 27 Aprili 1993 ndege iliyobeba timu ya taifa ya Zambia ilianguka baharini muda mfupi baada ya kuruka kutoka Libreville, Gabon, watu wote 30 waliokuwemo wakafariki, 18 kati yao wachezaji. Na fainali ya 2012 ikapigwa Libreville hiyohiyo. Halafu kuna kitu ambacho wengi wanakiruka, mechi zote za kabla ya fainali Zambia walicheza upande wa pili, Guinea ya Ikweta, iliyoandaa mashindano pamoja na Gabon, yaani ili wakanyage Libreville wakiwa kwenye mashindano ilibidi kwanza wafike fainali. Unaona sasa? Kila mechi wanayoshinda inawasogeza kule, na msomaji anayejua kabisa nani alibeba kombe bado atakaa asome mpaka mwisho.

Ukishaona kitu kama hicho, kiandike kama swali la sentensi moja. Kwangu hii ndiyo hatua ambayo sikubali mtu airuke. Siyo mada, swali. "Zambia 2012" ni mada. "Timu inachezaje fainali kwenye mji ambao waliotangulia waliondoka wasirudi nyumbani?" ni swali, na ukiwa nalo unajua nani wa kumtafuta na nini cha kuacha. Libandike mahali unapoliona kila unapokaa kuandika. Likibadilika katikati ya kazi ni sawa kabisa, ila badilisha kile kikaratasi pia, usiwe unaandika kwa swali la zamani na la jipya kwa pamoja.

Na usikimbilie mshindi. Angalia mita 1500 za Michezo ya Jumuiya ya Madola, Christchurch 1974. Filbert Bayi aliongoza tangu mwanzo mpaka mwisho akaweka rekodi ya dunia ya 3:32.2, na kila mtu anaandika hapo, sawa, anastahili. Lakini John Walker aliyekuwa wa pili naye alimaliza chini ya rekodi ya zamani na bado akashindwa. Ukimbeba huyo kama mhusika mkuu una stori nyingine kabisa kutoka mbio zilezile, na pengine wenzako wote wameiacha.

Sasa utafiti. Fungua jedwali la kawaida lenye safu tatu, tarehe au dakika, kilichotokea, na umekipata wapi. Hiyo safu ya tatu ndiyo watu wanaivivia halafu siku ya mwisho wanahangaika kutafuta ile sentensi waliitoa wapi. Video ya mechi iangalie yote, siyo muhtasari wa dakika tano, na uirudie ukiwa umezima sauti, kwa sababu mtangazaji anakuambia uangalie mpira wakati stori yako mara nyingi iko pembeni, kwenye benchi, au kwa yule beki aliyeshika kiuno dakika ya 80 huku wenzake wanapanga ukuta.

Mahojiano usianze na staa. Anza na mtunza vifaa, daktari wa timu, kipa wa akiba, hao waliona kila kitu na karibu hakuna anayewauliza. Ukifika kwa staa unakuwa tayari una vitu vya kumkumbusha, na mtu akikumbushwa kitu kidogo cha kweli anafunguka.

Namna ya kuuliza nayo ina kazi yake. Ukimwambia mchezaji "ulijisikiaje ulipokosa ile penalti" atakupa jibu ambalo ameshampa kila mtu, niliumia sana lakini ndiyo mpira, na humlaumu, swali lenyewe limechoka. Muulize kuanzia duara la kati mpaka kwenye alama ya penalti alikuwa anaangalia wapi. Nani alimgusa bega kabla hajatoka pale? Mpira aliuweka chini mara moja au aliugeuzageuza? Kipa alisema kitu? Baada ya kukosa, safari ya kurudi kwa wenzake, nani alikuwa wa kwanza kumkuta njiani? Hapo mtu anaacha kujibu na anaanza kuona, utamsikia anashusha sauti na kuanza kuelezea kwa mikono, na akinyamaza wewe usijaze ule ukimya, subiri, mara nyingi kitu chenyewe kinakuja baada ya hapo. Rekodi yote, ila andika pia kwa mkono alichofanya maana rekoda haioni mikono.

Utajuaje utafiti umetosha? Watu wakianza kukusimulia vitu ambavyo tayari unavyo. Hapo acha. Kuendelea kutafuta ni njia nzuri sana ya kukwepa kuandika.

Kabla ya kuandika toa matukio yote yenye picha, kila moja kwenye kikaratasi chake, yatandaze sakafuni uyapange. Mpangilio ambao unafanya kazi mara nyingi kwa stori za michezo ni kuanza karibu na kilele, labda mpigaji anatembea kuelekea kwenye mpira, unakata hapo, unarudi nyuma, kisha unazifuata njia mbili kwa zamu, mechi yenyewe na historia, mpaka zikutane. Kwa Zambia njia moja ni mashindano ya 2012 na nyingine ni 1993, pamoja na Kalusha Bwalya ambaye hakuwa kwenye ndege kwa sababu alikuwa anacheza Uholanzi na angeungana na wenzake baadaye, na timu iliyosukwa upya ikafika fainali ya AFCON 1994. Kila unapohama njia moja kwenda nyingine, hama wakati msomaji bado anataka kubaki.

Chagua mwisho kabla ya mwanzo. Nasisitiza hili, wanaoshindwa kumaliza wengi wao hawajui wanakoenda. Jua tukio lako la mwisho ni lipi, liandike hata vibaya, halafu rudi. Ile aya ya kwanza ya kupendeza usikae nayo wiki nzima, anza na tukio unalolijua vizuri kuliko yote hata kama liko katikati. Na siku ukiacha kuandika, acha pale unapojua sentensi inayofuata ni ipi, kesho hutakuwa na shida ya kuanza.

Sehemu inayoua stori nyingi ni ya utotoni, alizaliwa wapi, alipenda mpira tangu mdogo. Kila mwanamichezo alipenda mchezo wake tangu mdogo! Weka kile tu kinachojibu swali lako, mengine toa.

Namba pia. Namba moja iliyokaa mahali pake inatosha. Olimpiki ya Mexico City 1968, Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda marathoni kwa saa 2:20:26, John Stephen Akhwari akiwa ameumia goti akaingia uwanjani kwa 3:25:27. Weka hizo mbili karibu, nyamaza, msomaji atapiga hesabu mwenyewe na ataelewa saa nzima na zaidi ya maumivu. Ukiongeza takwimu nyingine tano pale umeharibu.

Drafti ikiisha, iache kwanza, kisha isome kwa sauti. Unapokosa pumzi kata sentensi, unapochoka kata aya, na ukijikuta unairuka sehemu mwenyewe, ifute yote. Halafu hakiki kila mstari ukiwa na lile jedwali pembeni, majina, tarehe, dakika, na maneno ya kimichezo yenyewe. Mfano Eliud Kipchoge alikimbia umbali wa marathoni kwa 1:59:40 jijini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, hilo ni kweli, lakini ukiandika "rekodi ya dunia" umekosea, maana haikuwa mashindano ya wazi na waongoza kasi, yaani wakimbiaji wa kumsaidia kushika mwendo, walikuwa wanapokezana. Shabiki mmoja anayejua akikukamata hapo hataamini hata yale uliyoyapata kwa jasho.

Mwisho wapigie uliowahoji, siyo kuwapa stori waihariri, hapana, ni kuwasomea yale mambo waliyokuambia, je alikuwa mkono wa kushoto, ilikuwa kabla au baada ya mapumziko. Mara nyingi hapo ndipo mtu anakumbuka kitu kimoja zaidi, kiandike, na kama kinajibu lile swali kitafutie nafasi, kama hakijibu kiweke kwenye faili la stori nyingine halafu mtumie mhariri kazi yake.