SOMO: Mbegu za mnafu, kutoka kwenye tunda hadi kitaluni

Masika yakikaribia, vikundi vya bustani vya huku Uru na Kibosho, Kilimanjaro, huniuliza jambo moja: mbona mbegu za mnafu, ile mboga ya majani, tulizotunza wenyewe hazioti? Naandika hapa, atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

1. Chagua mashina yenye afya, yafunge kitambaa kama alama. Waambie wanaokuja msaragambo (kazi ya pamoja) kwamba hayo hayachumwi majani.

2. Subiri tunda liive kabisa: zambarau iliyokolea, karibu nyeusi. Tunda bichi la kijani lina sumu, watoto wasilionje.

3. Kamua na uoshe. Mbegu nyingi hufia hapa. Ponda matunda kwenye ndoo, tia maji kidogo, yalale usiku mmoja. Asubuhi jaza maji, koroga, tulia kidogo: mbegu nzima huzama, maganda na mbegu pepe huelea. Mwaga vinavyoelea, jaza tena. Rudia mpaka maji yawe meupe na mbegu ukizisugua kwa vidole zisiteleze. Ule utelezi una sukari na vitu vinavyozuia mbegu kuota. Ukibaki, utaleta pia ukungu na sisimizi. Usianike tunda zima ukitegemea kulipura baadaye. Usiiache ndoo siku nyingi, mbegu zitachipua humo humo. Tena usizianike juu ya bati juani, zitaungua.

4. Anika kivulini penye upepo, juu ya kitambaa, ukizigeuza. Weka kwenye chupa kavu, andika tarehe.

5. Sia kwa mistari. Mbegu ni ndogo sana, kwa hiyo changanya na mchanga mkavu zisirundikane. Funika kwa udongo mwembamba na nyasi. Zikichomoza, toa nyasi.

6. Miche ikiwa na majani 5 au 6, hamisha jioni, sm 30 kwa 30.

MASWALI

Kijana wa Himo: Nimefuata yote, hazioti. Tatizo nini?

Jibu: Uliosha mara ngapi?

Kijana wa Himo: Niliponda nikaanika. Kuosha kunachukua muda.

Jibu: Basi hukufuata yote. Rudi hatua ya 3.

Binti Marangu: Shikamoo mama. Kikundi chetu kina eneo dogo. Tunaweza kupanda mnafu pale tulipong'oa nyanya?

Jibu: Marahaba mwanangu, umeuliza la maana. Mnafu, nyanya, ngogwe (nyanya chungu), bilinganya, pilipili na viazi mviringo ni ukoo mmoja, na wanaambukizana magonjwa ya udongo. Ng'oa shina la nyanya lililobaki uangalie mizizi. Ikiwa na vinundu kama shanga, hiyo ni kazi ya minyoo fundo, minyoo midogo ya udongoni. Msipande mnafu hapo. Hata kama mizizi ni safi, msirudishe ukoo huo msimu unaofuata.

Mkulima Usa River: Sisi tuna Nduruma, ile aina ya mnafu iliyotoka kituo cha utafiti cha Tengeru. Tukitunza mbegu zake zitabadilika?

Jibu: Si chotara, na mnafu kwa sehemu kubwa hujichavusha wenyewe, kwa hiyo watoto watafanana na mama. Ila shina lenye majani madogo litakalojitokeza liondoeni kabla halijatoa maua. Na kama mna Olevolosi pia, ile aina nyingine ya mnafu, mashina ya mbegu yakae mbalimbali.

Mama Shamba: Kiangazi majani yana vidoti vya njano, na chini yake utando.

Jibu: Utitiri mwekundu. Unapenda ukame na vumbi. Ondoa majani yaliyozidiwa, mwagilia ukirusha maji chini ya majani.

Mgeni: Nauza mbegu bei poa, nicheki.

Jibu: Hapa si sokoni.

Mama Shamba: Asante dada. Na watoto wa shule wanaukataa mnafu, wanasema mchungu.

Jibu: Chuma vichwa vichanga, ukiacha shina la sm 15 lichipue, na nyofoa maua kila uyaonapo. Mnafu uliokomaa, au uliopata kiu, huwa mchungu zaidi. Jikoni, weka karanga zilizosagwa au maziwa mwishoni, moto ukiwa mdogo.