Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kwenda Bürgel, Mji wa Wafinyanzi

Bürgel ni mji mdogo katika jimbo la Thüringen, mashariki mwa Ujerumani, takribani kilomita 12 kutoka Jena, na kwa karne nyingi watu wake wameishi kwa udongo wa mfinyanzi. Wengi huujua kwa vyombo vyake vya buluu iliyokoza vyenye madoa meupe, lakini anayefunga safari kwa ajili ya duka pekee atayapita mengi yaliyo jirani: kanisa la watawa lililoanza kujengwa katika karne ya 12, msitu wa Tautenburg, na majumba ya Dornburg yaliyosimama ukingoni mwa jabali juu ya mto Saale. Mambo haya yote yanaweza kuonwa kwa siku mbili au tatu za utulivu. Hata hivyo, mji mdogo haumpi mgeni nafasi ya pili kirahisi, kwa maana aliyefika siku ambayo milango imefungwa hana makumbusho mengine ya kukimbilia, na aliyeachwa na basi la jioni huenda asipate jingine. Kwa sababu hiyo naona jambo la kwanza la kuamua ni siku za juma utakazokuwa huko, kabla hata ya kutafuta bei ya tiketi ya ndege.

Makumbusho mengi ya Ujerumani hufungwa Jumatatu, na migahawa mingi ya vijijini huwa na siku moja au mbili za mapumziko, mara nyingi Jumatatu na Jumanne. Jumapili maduka ya kawaida, yakiwemo ya vyakula, hayafunguliwi, isipokuwa machache ya stesheni kubwa na vituo vya mafuta, kwa hiyo maji, mkate na matunda ya matembezi ya Jumapili hununuliwa Jumamosi. Zipo pia sikukuu za jimbo ambazo mgeni hazijui. Tarehe 20 Septemba, Siku ya Watoto Duniani, imekuwa siku ya mapumziko ya umma Thüringen tangu mwaka 2019, na hakuna jimbo jingine la Ujerumani linaloiadhimisha kwa namna hiyo, ilhali tarehe 31 Oktoba ni sikukuu ya Matengenezo ya Kanisa. Kwa anayetaka kumwona mfinyanzi akiwa kazini kwenye gurudumu lake, na si kununua tu, Jumatano hadi Ijumaa ndizo siku ninazozipendekeza bila kusita, tena kwa kuiandikia karakana siku kadhaa kabla, kwa sababu mfinyanzi anayepakia tanuri hawezi kuiacha kazi hiyo ili apokee wageni wa ghafla.

Swali la soko la wafinyanzi linahitaji uamuzi wa makusudi. Soko hilo hufanyika mwezi Juni, nalo huwaleta wafinyanzi wa mji pamoja na wenzao kutoka kwingineko, hivyo mtu anaweza kulinganisha kazi za mikono mingi katika asubuhi moja. Faida hiyo ni kubwa kwa mnunuzi. Kwa mtu anayependa kuuliza maswali, kugusa udongo na kusikilizwa, siku ya soko ina msongamano mno, na vyumba vya kulala mjini huwahi kujaa. Atakayechagua soko na athibitishe tarehe za mwaka husika kabla ya kulipa chochote, kisha atafute chumba Jena mapema, kwa maana Jena ni mji wa chuo kikuu wenye nyumba nyingi za wageni na treni za kuelekea Weimar, Erfurt na Leipzig.

Mara ufikapo, nenda makumbusho kwanza, kisha karakana. Keramik-Museum Bürgel ilianzishwa mwaka 1880, na saa moja ndani yake hulifundisha jicho kutambua kile ambacho baadaye litakutana nacho madukani. Tazama kwa karibu magudulia ya zamani yaliyochomwa kwa chumvi. Tanuri linapofikia joto la takribani nyuzi 1,200 za Selsiasi, mfinyanzi huitupa chumvi ndani, nayo hugeuka mvuke; sodiamu yake huungana na silika iliyomo katika udongo na kuacha juu ya chombo utando mwembamba wa kioo wenye vijishimo vidogo kama ganda la chungwa. Utando huo haukupakwa kwa brashi, umezaliwa na moto wenyewe, na ndiyo maana upande mmoja wa gudulia unaweza kung'aa zaidi ya mwingine kulingana na mvuke ulikopita. Akishaliona hilo, mtu haulizi tena kwa nini vyombo viwili vya tanuri moja havifanani. Katika makumbusho hayo utalikuta pia jina la Henry van de Velde, msanifu Mbelgiji aliyehamia Weimar mwaka 1902 na kuwapa wafinyanzi wa Bürgel maumbo mapya. Ni vema kusoma habari zake kidogo kabla ya safari, kwa kuwa maelezo ya ukutani ni mafupi kwa msomaji asiyejua Kijerumani.

Usomaji huo una faida zaidi Dornburg. Shule ya sanaa na usanifu ya Bauhaus, iliyoanzishwa Weimar mwaka 1919, iliihamishia karakana yake ya ufinyanzi Dornburg, katika banda la farasi la majumba ya huko, na kuanzia mwaka 1920 hadi 1925 wanafunzi waliishi na kufanya kazi hapo mbali na shule yenyewe. Mchongaji Gerhard Marcks aliwafundisha umbo, na Max Krehan, mfinyanzi wa ukoo wa wafinyanzi, aliwafundisha kazi ya gurudumu na tanuri. Kutoka katika karakana hiyo walitokea wafinyanzi Otto Lindig, Theodor Bogler na Marguerite Friedlaender. Karakana hiyo sasa ni makumbusho, nayo ina saa zake za kufungua ambazo haziendani lazima na za Bürgel, kwa hiyo ziandike kando kando kabla ya kupanga siku. Majumba yenyewe ni matatu, na mshairi Goethe alikaa katika mojawapo majira ya kiangazi ya mwaka 1828, baada ya kifo cha Karl August, mtawala wa Weimar. Bustani ya waridi iliyo mbele yake hupendeza zaidi mwezi Juni.

Kijiji cha Thalbürgel hakidai maandalizi makubwa. Kutoka Bürgel ni mwendo mfupi wa miguu, na kanisa la watawa wa Kibenedikto, ambao nyumba yao iliasisiwa mwaka 1133, lina nguzo na matao ya mawe yanayostahili kutazamwa kimyakimya kabla ya kuchukua picha. Majira ya kiangazi hufanyika matamasha ya muziki humo. Vaa kitu cha kukukinga na baridi hata mwezi Julai, kwani kuta nene za mawe hutunza ubaridi mchana kutwa.

Kwa matembezi marefu, njia ya kutoka Bürgel kupitia Tautenburg hadi Dornburg ina zaidi ya kilomita 10, na mtu asiyezoea vilima aitengee siku nzima. Tautenburg kuna kituo cha kutazama nyota cha Karl Schwarzschild, chenye darubini yenye kioo cha mita 2 iliyozinduliwa mwaka 1960. Sehemu ngumu inakuja mwishoni, wakati miguu imekwisha kuchoka: majumba ya Dornburg yako juu ya jabali na stesheni ya treni iko chini bondeni, hivyo mteremko ni mkali, na mawe ya chokaa huteleza vibaya yakilowa mvua. Viatu vyenye soli ya kushika na kifundo kilichozibwa ni vya lazima, navyo vivaliwe nyumbani kwa majuma kadhaa kwanza, maana kiatu kipya huchubua. Pakua ramani kwenye simu, kwa kuwa mtandao hufifia mabondeni. Mwezi Juni urefu wa mchana huzidi muda wa saa 16, lakini Desemba hupungua hadi muda wa takribani saa 8, na msitu huwa giza mapema kuliko uwanja. Atakayekwenda kuanzia Oktoba apange kuwa chini stesheni kabla ya saa kumi alasiri. Ukame na mbawakavu wa magome vimeua miti mingi katika misitu ya Ujerumani, kwa hiyo siku ya upepo mkali ahirisha msitu, kwa kuwa matawi makavu huanguka bila onyo. Ukiona okidi za porini kwenye miteremko ya chokaa, zitazame ukiwa njiani bila kuzichuma, kwani zinalindwa na sheria.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wageni kutoka Afrika Mashariki hulipuuza kwa kudhani kwamba Ulaya haina wadudu wa kuogopwa. Wilaya ya Saale-Holzland, ambamo Bürgel imo, ni miongoni mwa maeneo yaliyotangazwa kuwa na hatari ya FSME, yaani ugonjwa wa virusi unaoenezwa na kupe na unaoweza kuushambulia ubongo na utando wake. Kupe hao hao huweza kuambukiza ugonjwa wa Lyme, unaosababishwa na bakteria. Magonjwa haya mawili yanatofautiana kwa namna inayobadili maandalizi. Virusi vya FSME hupita mara tu kupe anapouma, hivyo kumng'oa mapema hakuzuii maambukizi, na kinga yake ni chanjo, ambayo dozi zake mbili za mwanzo kwa kawaida hutenganishwa kwa mwezi mmoja hadi mitatu. Muone daktari wa safari miezi mitatu au minne kabla ya kuondoka. Bakteria wa Lyme kwa kawaida huhitaji saa nyingi kabla ya kupita, na ugonjwa huo hauna chanjo kwa sasa, hivyo hapa ukaguzi wa kila jioni ndio unaookoa. Vaa suruali ndefu na uingize miguu yake ndani ya soksi. Jioni kagua nyuma ya magoti, kinenani, kwapani, nyuma ya masikio na kwenye nywele za watoto. Kupe mchanga ni mdogo kama mbegu ya ufuta. Mshike kwa kibano chenye ncha nyembamba karibu kabisa na ngozi, mvute taratibu pasipo kumminya tumbo wala kumpaka mafuta, kisha uandike tarehe. Likitokea duara jekundu linalopanuka siku au majuma baadaye, nenda kwa daktari, hata kama umekwisha kurudi Nairobi au Dodoma, na umweleze wazi kwamba uliumwa na kupe Ujerumani.

Namba ya dharura ya gari la wagonjwa na zimamoto ni 112, na ya polisi ni 110. Kwa ugonjwa usio wa dharura nje ya saa za kliniki ni 116117. Misituni kuna vibao vya uokoaji vyenye namba, nazo humwezesha mpokea simu kujua ulipo bila wewe kulijua jina la mahali, kwa hiyo kila upitapo kibao kariri namba yake.

Treni hufika Jena na Dornburg, lakini Bürgel haina tena reli ya abiria, na mgeni huingia kwa basi au gari. Mabasi hupungua sana mwishoni mwa juma. Faini ya kukutwa bila tiketi halali ni euro 60, na kutoijua lugha hakukubaliwi kuwa sababu. Beba pasipoti yenyewe badala ya nakala, na fedha taslimu kwa ajili ya soko na karakana ndogo.

Raia wa Kenya na Tanzania wanahitaji viza ya Schengen, ambayo ombi lake hupokelewa miezi 6 hadi siku 15 kabla ya safari, na ada ya mtu mzima ni euro 90. Nawasihi wasisubiri hizo siku 15, kwa sababu miadi yenyewe huchelewa kupatikana. Bima ya afya lazima ifikie angalau euro 30,000.

Kuhusu ununuzi, acha nafasi kwenye begi tangu nyumbani, pamoja na nguo laini za kufungia vyombo. Kabla ya kulipa, pindua chombo utazame kitako chake, kigonge taratibu kwa ukucha usikilize kama mlio ni safi, maana chombo chenye ufa hutoa mlio mkavu, kisha uulize kama kinastahimili tanuri la jikoni. Anayeishi nje ya Umoja wa Ulaya na kununua bidhaa za zaidi ya euro 50 katika duka moja anaweza kuomba fomu ya kurudishiwa kodi ya ongezeko la thamani, mradi bidhaa zitoke ndani ya miezi 3. Fomu hiyo hugongwa muhuri na forodha ya uwanja wa ndege ambapo utatoka Umoja wa Ulaya, na maofisa wana haki ya kuviona vyombo, kwa hiyo vinavyopaswa kuonyeshwa visikabidhiwe pamoja na begi kubwa kabla ya muhuri kupatikana.