Kuacha ualimu Tanzania: barua huandikwa mwisho

Mwalimu aliyechoka huanza na barua. Anaiandika usiku na kuipeleka kwa mkuu wa shule asubuhi. Baada ya hapo ndipo anaanza kuuliza mafao yake yako wapi, mkopo wa benki atalipa nani, na mtoto atatibiwa kwa kadi gani. Mpangilio unaofaa ni kinyume chake: jua kinachokuchosha, kagua madeni na mafao, jaribu kazi mpya ukiwa bado na mshahara, kisha andika barua. Sheria zinazomgusa mwalimu wa serikali na wa shule binafsi hazifanani, kwa hiyo soma ukijua uko upande gani.

Kwanza, ni ualimu au ni shule?

Kwa wiki mbili, kila jioni andika kwenye daftari vipindi ulivyofundisha, madaftari uliyosahihisha, zamu, vikao, safari ya kwenda na kurudi, na jambo moja lililokuvuruga zaidi siku hiyo. Mwishoni yagawe mambo hayo mafungu. Darasa la watoto 110, wakati kiwango cha serikali kwa shule ya msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, ni tatizo la kituo. Mkuu anayekufokea mbele ya wanafunzi ni tatizo la mtu. Haya yote mawili uhamisho unaweza kuyamaliza, na mwalimu mwenye bahati humpata mwenzake wa kubadilishana naye kituo. Maombi siku hizi hupita kwenye ESS, mfumo wa mtandaoni wa watumishi wa umma. Kumbuka tu kwamba uhamisho ulioomba mwenyewe unajigharamia, nauli na mizigo yote.

Lakini ukikuta hata siku ambazo vipindi vilikwenda vizuri na hakuna aliyekusumbua ulirudi nyumbani huna hamu na chochote, uhamisho utakupeleka na uchovu wako kwenye kituo kingine. Hapo endelea kusoma.

Kama usingizi umekatika, moyo unadunda ukiingia getini au unalia bila sababu, nenda hospitali kabla ya kufanya uamuzi wowote. Kwa mwalimu wa shule binafsi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Inahitaji cheti cha daktari. Msongo wa mawazo ni ugonjwa kama malaria, na cheti chake kina uzito uleule.

Njia ambayo wengi huiruka: kubadili kada

Mwalimu wa serikali anaweza kuacha chaki bila kuacha utumishi wa umma. Akipata sifa, anaweza kuomba kubadilishiwa kada awe afisa utumishi, afisa maendeleo ya jamii, mkutubi au mhasibu. Zipo pia nafasi zinazomtaka mwalimu mwenyewe: uthibiti ubora wa shule, ukuzaji mitaala katika Taasisi ya Elimu Tanzania, kazi za Baraza la Mitihani.

Mambo mawili huwaangusha watu hapa. La kwanza ni kusoma kimyakimya. Mtu anamaliza shahada ya pili ya rasilimali watu jioni na wikendi bila kibali cha mwajiri, kisha anashangaa halmashauri inapokataa kuitambua. Omba ruhusa ya masomo kwa maandishi kabla ya muhula wa kwanza, na hakikisha jina lako limo kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri. La pili ni mshahara. Mwenye shahada huanzia ngazi ya mshahara wa walimu ya TGTS D, na baada ya miaka kumi amepanda. Kada mpya inaweza kukuanzisha chini, kwa hiyo uliza kwa maandishi utawekwa daraja gani kabla hujakubali.

Kuna na suala la umri. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira kwa kawaida huweka ukomo wa miaka 45, isipokuwa kwa walioko kazini serikalini. Ukiacha kazi ukiwa na miaka 46, msamaha huo unaupoteza. Matangazo hayohayo humtaka mtumishi aliyepata sifa za kada nyingine apitishe barua yake kwa mwajiri. Usijifanye huna ajira, maana jina lako limo kwenye mfumo wa mishahara na litaonekana.

Madeni na mafao

Hapa kaa na kalamu. Chukua hati ya mshahara ya mwezi uliopita na uandike kila kato, kwa sababu kato usilolipa kwa mkono wako ni rahisi kulisahau.

Tuseme unapokea 620,000 mkononi na nyumba inatumia 480,000 kwa mwezi. Unapiga hesabu ya akiba ya miezi sita: 2,880,000. Umesahau rejesho la benki la 190,000 linalokatwa kabla mshahara haujakufikia. Hesabu halisi ni 670,000 kwa mwezi, yaani 4,020,000. Bima ya mkopo wa watumishi hulenga kifo na ulemavu wa kudumu. Kuacha kazi kwa hiari si sehemu yake, na mdhamini wako ndiye atakayepigiwa simu. Ukiwa na deni la Bodi ya Mikopo, lile kato la asilimia 15 linakoma lakini deni halikomi. Omba namba ya malipo uendelee mwenyewe. Madeni ya kausha damu yamalizwe yote kabla ya kuondoka. Riba yake haivumilii hata mwezi mmoja bila mshahara.

Kadi ya NHIF ya familia hukoma pamoja na ajira. Matibabu yaliyokuwa yanasubiri, miwani au meno, yafanyike sasa.

Kuhusu mafao, kosa kubwa ni kudhani michango ndiyo itakuwa mtaji. PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, hupokea asilimia 5 ya mshahara kutoka kwako na 15 kutoka kwa mwajiri, lakini tangu sheria ya mwaka 2018 lile fao la kujitoa, la kuchukua chako na kuondoka, halipo. Kilichokuja badala yake ni fao la kukosa ajira, na hilo ni la aliyepoteza kazi, halimhusu aliyeiacha kwa kupenda. Sharti la pensheni ni michango ya miezi 180. Mwenye miezi 168 amebakiza mwaka mmoja tu, na huyo namshauri auvumilie hata kwa kuhama kituo. Vilevile mwenye miaka 53 au 54: kustaafu kwa hiari huanza miaka 55, na kustaafu si sawa na kuacha kazi.

Mwalimu wa shule binafsi ana NSSF, na shida yake ni nyingine: makato yanaonekana kwenye hati ya mshahara lakini hayajafika kwenye mfuko. Omba taarifa ya michango mwezi kwa mwezi ukiwa bado kazini. Mwezi wenye pengo uripoti NSSF mapema, kwa sababu ukishaondoka mwajiri hana haraka tena.

Jaribu kazi mpya wakati wa likizo

Likizo za Juni na Desemba zinatosha kwa jaribio la kweli. Kipimo kiwe fedha iliyoingia kutoka kwa mtu asiye ndugu wala rafiki. Sifa na pongezi hazilipi kodi.

Kufundisha Kiswahili kwa wageni ndiko karibu zaidi na ujuzi ulionao, ila kuna mtego. Anayefundisha mofimu na upatanisho wa kisarufi kama Kidato cha Pili hupoteza wanafunzi baada ya somo la pili. Mgeni anataka kuomba nauli irudishwe kwenye daladala. Andaa masomo kumi ya dakika 50, kila moja likijengwa juu ya mazungumzo mafupi: salamu, sokoni, hotelini, hospitali. Ngeli ziingie mbilimbili, KI-VI kwanza kwa sababu umbo lake linaonekana. BAKITA huendesha mafunzo ya ufundishaji huu na huweka kanzidata ya wataalamu wa Kiswahili. Jisajili, kwani wanaotafuta wakalimani na wafasiri huulizia hapo. Mtandaoni, Preply, tovuti inayounganisha walimu wa lugha na wanafunzi, huchukua malipo yote ya somo la kwanza la majaribio, kisha kamisheni inayoanzia asilimia 33 na kushuka hadi 18 kadiri saa zako zinavyoongezeka. Panga bei ukijua hilo. Hakikisha pia njia ya kupokea fedha: akaunti ya PayPal ya Tanzania imekuwa ya kulipa tu, wengi hutumia Payoneer.

Kituo cha kulelea watoto mchana kinavutia walimu wa awali. Kinahitaji leseni chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na maombi huanzia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Usipange nyumba kabla hajaja kuikagua, kwa sababu choo cha watoto, uzio na nafasi ya kuchezea ndivyo hukwamisha.

Duka la vifaa vya shule lina faida Januari na ukame miezi mingine, kwa hiyo lisibebe familia peke yake. Biashara yoyote ndogo inahitaji TIN, namba ya mlipakodi, ambayo hutolewa bure. Mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka hayalipiwi kodi ya mapato, na kati ya milioni 4 na 7 mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4, wakati asiye nazo hulipa 100,000. Daftari la mauzo ni fedha.

Kwa kazi za mashirika, badilisha lugha ya wasifu wako. “Nilifundisha Jiografia” haimwambii mwajiri kitu. “Niliratibu mtihani wa watahiniwa 180, nikaandaa takwimu za matokeo kwa Excel na kuwasilisha ripoti kwa bodi” inamwambia. Ujuzi wa KoboToolbox, unaotumika kukusanya takwimu vijijini, hufungua nafasi za tathmini ya miradi.

Barua na makabidhiano

Shule binafsi: kwa anayelipwa kila mwezi, notisi ya kisheria ni siku 28 au zaidi, lakini soma mkataba wako kwanza. Mkataba wa muda maalumu ukiuvunja katikati unaweza kudaiwa fidia. Dai mshahara wa siku ulizofanya kazi, malipo ya likizo usiyochukua na cheti cha utumishi. Kiinua mgongo cha siku saba kwa kila mwaka hakimhusu anayeacha mwenyewe.

Serikalini: barua huenda kwa mkurugenzi wa halmashauri, K.K. (kupitia kwa) mkuu wa shule, nakala kwa Tume ya Utumishi wa Walimu wilayani. Masharti ya notisi yathibitishe kwa afisa utumishi kabla ya kuandika tarehe. Endelea kufika kazini hadi upate jibu la maandishi. Kutoonekana kazini zaidi ya siku tano bila ruhusa ni utoro, na adhabu yake inaweza kuwa kufukuzwa, doa litakalokufuata ukitaka kurudi serikalini.

Kabidhi kwa orodha yenye sahihi mbili: vitabu, alama za wanafunzi, funguo za nyumba, na kile kishikwambi kilichotoka kwenye Sensa ya 2022, ambacho si mali yako. Baki na nakala. Miezi miwili inayofuata angalia akaunti ya benki, na mshahara ukiendelea kuingia usiuguse. Mwandikie mkurugenzi usimamishwe, kwa sababu fedha hiyo utatakiwa kuirudisha.